Siku ya Mtoto Mwenye Selimundu Anapojifunzia Nyumbani

Mtoto anaporuhusiwa kutoka wodini baada ya shambulio la maumivu ya selimundu, mama yake huondoka na vitu vitatu: dawa, tarehe ya kurudi kliniki, na neno moja, "apumzike". Dawa zina maelekezo yake: kiasi gani, mara ngapi, kabla ya chakula au baada yake. Tarehe imeandikwa kwenye daftari. Neno la tatu halina maelezo yoyote, nalo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mtoto wa miaka 6 hapumziki kama apumzikavyo mtu mzima. Siku ya kwanza hulala. Siku ya pili huketi mlangoni akiwatazama wenzake wakipita na mabegi yao. Siku ya tatu huanza kugombana na wadogo zake, au hukaa mbele ya runinga tangu asubuhi hadi jioni. Wiki mbili zikiisha hurudi darasani na kukuta wenzake wamekwisha kuzivuka silabi alizoziacha. Baada ya miezi michache maumivu hurudi tena, na pengo lile huongezeka.

Wiki hizo mbili za nyumbani hazizungumzwi sana kliniki. Hapo zamani palikuwa na sababu: wengi wa watoto waliozaliwa na selimundu hawakufikia umri wa kwenda shule, hivyo swali la masomo yao halikuwahi kuulizwa. Hali imebadilika. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani; inakadiriwa kuwa ni takribani 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa inajulikana kwa kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Lakini penisilini ya kinga, chanjo, kinga ya malaria na haidroksiyurea vimewapa wengi wao miaka ambayo kaka na dada zao hawakuipata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha watoto zaidi ya 600 wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ulionesha kuwa haidroksiyurea inaweza kutumika kwa usalama katika mazingira yetu, na kwamba inapunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo. Mtoto aliyeokolewa namna hii ana haki ya kujua kusoma.

Ieleweke pia kwamba kujifunzia nyumbani, kwa mtoto huyu, si mbadala wa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie masomo. Jina lake libaki kwenye rejista, na mwalimu mkuu apewe barua ya hospitali inayoeleza sababu ya kutohudhuria. Kinachofanyika nyumbani ni daraja la kumvusha mtoto hadi siku ya kurudi, na daraja hilo hujengwa kwa ratiba.

Kwa nini mtoto huyu huchoka mapema

Kabla ya kupanga saa za masomo, mzazi anapaswa kujua mwili anaoupangia. Mtoto wa umri wa kwenda shule asiye na upungufu wa damu huwa na hemoglobini ya gramu 11.5 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Mwenye selimundu mara nyingi huishi na gramu 6 hadi 9, kwa sababu chembe zake nyekundu huvunjika mapema mno. Kazi ambayo mwenzake huimaliza bila kuhisi kitu, yeye huifanya kama mtu anayepanda mlima.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawalitaji kwa wazazi. Mishipa midogo ya ubongo inaweza kuziba bila dalili yoyote ya nje: mtoto hapoozi, haanguki, hapotezi fahamu. Hiki ndicho kiharusi kimya. Tafiti zilizofanywa Marekani kwa kutumia picha za ubongo zimekikuta kwa takribani mtoto mmoja kati ya wanne wenye aina kali ya ugonjwa kabla ya kutimiza miaka 6. Athari zake huonekana kwenye daftari la shule kabla ya kuonekana kliniki. Mtoto hukosa utulivu wa kusikiliza. Akiambiwa "chukua daftari, fungua ukurasa wa tano, nakili mstari wa kwanza", huchukua daftari kisha akasimama. Nyumbani huitwa mkaidi na shuleni huitwa mvivu, na katika sehemu zote mbili huenda akachapwa kwa kosa lisilo lake.

Kutokana na hayo, agizo kwa mtoto huyu litolewe moja moja, na somo liwe fupi. Darasa la kwanza na la pili limejengwa juu ya stadi tatu, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kipindi kimoja shuleni ni cha nusu saa. Kwa mtoto anayepata nafuu nyumbani, dakika 15 hadi 20 kwa wakati mmoja zinatosha, mara mbili kwa siku, au mara tatu siku akiwa mchangamfu. Mzazi asidhani kuwa ni kidogo. Katika darasa lililojaa, hakuna mwalimu awezaye kumpa mtoto mmoja robo saa nzima peke yake.

Siku isiyotegemea saa ya ukutani

Wazazi wengi wakiambiwa waandae ratiba hufanya kosa lile lile: hunakili ratiba ya shule. Karatasi hubandikwa ukutani, saa 2:00 asubuhi kusoma, saa 2:40 hesabu, saa 3:20 kuandika, na kufikia Jumatano imekwisha kufa. Jumatatu maji yalikatika, Jumanne mgeni aliingia, na Jumatano mtoto aliamka akiumwa mguu. Ratiba inayodumu ni ile inayofungwa kwenye mambo ambayo kaya huyafanya kila siku hata iweje: kuamka, kunywa uji, chakula cha mchana, kuoga, kulala. Somo la kwanza ni la baada ya uji, iwe ni saa 2 au saa 4. Somo la pili ni la baada ya usingizi wa mchana. Mtoto mdogo hasomi saa, lakini anajua vizuri kitu gani hufuata kingine, na kulijua hilo humtuliza hasa yule aliyetoka wodini, mahali ambapo kila jambo lilimjia bila kutarajiwa, ikiwemo sindano.

Mathalani kaya ya mchuuzi wa dagaa mjini Mwanza, yenye watoto watatu na bibi yao, katika moja ya zile nyumba zilizojengwa juu ya mawe mlimani. Mama hutoka kwenda mwaloni alfajiri na kurudi adhuhuri. Kaya kama hii ikipewa ratiba inayohitaji mzazi wa kukaa na mtoto kutwa nzima, imepewa lawama tu. Inahitaji siku ambayo kila mtu ana kipande chake.

Asubuhi ni ya mama, hata kama ni ya dakika chache. Kabla ya kutoka hugusa paji la uso la mtoto, na kama kuna shaka hutumia kipimajoto, kwa kuwa mkono uliotoka kushika maji ya baridi hudanganya. Humuuliza mtoto kama kuna mahali panapouma, kisha humpa dawa. Penisilini kwa aliye chini ya miaka 5 ni asubuhi na jioni. Asidi ya foliki na haidroksiyurea ni mara moja kwa siku, kwa kadiri daktari alivyoandika. Haidroksiyurea hushikwa na mtu mzima, ambaye hunawa mikono baada ya kuishika, na mtoto haachiwi kidonge akichezee wala akifungue. Kazi ya mtoto ni nyingine: kutia alama kwenye kalenda. Akiwa na penseli mkononi anahesabu siku zilizopita na zilizobaki hadi kliniki, na bila yeyote kutangaza, somo la hesabu limekwisha kuanza.

Baada ya uji, kipande cha pili ni cha bibi. Hapo huzuka pingamizi linalosikika mara kwa mara, kwamba bibi hajui kusoma. Si lazima ajue. Mtoto ndiye anayesoma, na bibi ndiye anayesomewa. Huanza na ukurasa wa jana ambao mtoto anauweza, kisha ukurasa mmoja mpya, kisha mstari mmoja wa kuandika. Mtoto mwenye msikilizaji aliyetulia husoma kwa sauti, na kusoma kwa sauti ndiko kunakohitajika katika umri huu. Akikwama kwenye neno, hulipigia mstari na kulingoja jioni, kaka yake atakaporudi kutoka shule. Bibi naye ana elimu yake ya kutoa: vitendawili hunoa kumbukumbu, na hadithi inayosimuliwa nusu leo na nusu kesho humlazimisha mtoto kushika alichosikia.

Somo likiisha mtoto hunywa maji, huenda chooni, kisha hucheza. Mchezo si zawadi ya kumaliza kazi. Ni sehemu ya ratiba. Acheze kivulini, na aachwe apumzike pale mwili wake unapomwambia, bila mashindano ya kukimbia hadi kuhema na bila kupanda na kushuka mawe ili kuchota maji. Mvua ikimnyeshea, nguo zibadilishwe mara moja, kwa kuwa baridi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu.

Mama akirudi adhuhuri, masalia ya biashara yake huwa kitabu cha hesabu. Dagaa hupangwa kwa mafungu ya kumikumi. Fungu moja likiwa shilingi 500, mafungu manne ni shilingi ngapi? Vizibo vya soda na punje za maharage hufanya kazi ile ile siku ambayo hakuna dagaa. Kisha chakula, na usingizi. Usingizi wa mchana usikatwe ili kupata muda wa masomo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku kwa watoto wa miaka 3 na 4, na wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12. Aliyetoka kuugua asipungukiwe na viwango hivyo.

Alasiri kaka hurudi. Watoto wengi hupenda kucheza shule, na mchezo huu ufanyike, kwa sharti kwamba mwalimu huyo mdogo asimwige mwalimu wake kwa kila jambo, hasa fimbo. Yeye hulisoma neno lililopigiwa mstari asubuhi na kueleza walichojifunza siku hiyo. Ikiwa mwalimu wa darasa ana simu, picha ya ukurasa mmoja mara moja kwa wiki humwezesha mzazi kujua darasa limefika wapi. Vitabu vya kiada vinapatikana pia katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vipindi vya kielimu vya Kiswahili kama Ubongo Kids vinafaa jioni, kimoja kisha runinga ikazimwa. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani linataka muda wa kukaa mbele ya kioo usizidi saa 1 kwa siku.

Maji yapewe nafasi yake katika ratiba kama somo linavyopewa. Figo za mtoto mwenye selimundu hushindwa kuhifadhi maji, hivyo hukojoa mara nyingi na kukaukiwa haraka, na damu iliyokosa maji huziba mishipa kwa urahisi zaidi. Mtoto wa kilo 20 huhitaji takribani lita 1 na nusu ya vinywaji kwa siku, ukihesabu uji, maziwa na supu, na zaidi ya hapo kukiwa na joto au homa, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo kwa sababu ya moyo au figo. Chupa ya nusu lita ikijazwa mara tatu na mtoto akachora mstari kila inapokwisha, hakuna atakayelazimika kubahatisha. Hali hiyo ya figo ndiyo humfanya akojoe kitandani hata akiwa na miaka 8 au 9. Si uvivu, na dawa yake si kumnyima maji usiku wala kumwaibisha mbele ya ndugu zake.

Siku ya maumivu

Kila kaya iwe na ratiba mbili. Ya kwanza ndiyo iliyoelezwa. Ya pili ni ya siku ambayo mtoto ameamka na maumivu yanayovumilika: apewe dawa ya maumivu iliyoagizwa, maji ya kutosha, na kitambaa cha joto mahali panapouma. Asiwekewe barafu kamwe. Kuandika kunaondolewa, hasa ikiwa mikono ndiyo inayouma. Kusoma kunageuka kuwa kusomewa. Hadithi ya bibi inabaki, kalenda inatiwa alama, na uji unanywewa pale pale unaponywewa kila siku. Mtoto ataona kuwa siku yake imepungua lakini haijavunjika.

Maumivu yasipotulia kwa dawa za nyumbani, hakuna ratiba tena: ni hospitali. Na siku iliyopotea isilipwe kwa kuongezewa mara mbili siku inayofuata. Wazazi wenye bidii ndio hasa wanaohitaji kuambiwa hivi, kwa kuwa bidii yao humchosha mtoto, na uchovu unaweza kumrudisha wodini.

Penseli inapoanguka

Ratiba ina faida ambayo haitajwi katika vitabu vya malezi. Siku zinapofanana, tofauti huonekana upesi. Mtoto aliyekuwa akiandika jina lake kila siku baada ya uji, leo penseli inamponyoka vidoleni. Aliyekuwa akimsomea bibi bila shida, leo maneno yanakwama na mdomo umepinda upande mmoja. Katika nyumba ambayo mtoto hushinda akizurura, dalili hizi huweza kupita kutwa nzima bila kuonekana. Penye somo la kila asubuhi, bibi asiyejua kusoma huiona ndani ya dakika chache kwamba mjukuu wake hayuko kama alivyokuwa jana.

Hicho kinaweza kuwa kiharusi, na mtoto apelekwe hospitali wakati huo huo, hata kama mkono umerudia hali yake kabla ya kufika stendi. Kiharusi kinachopita chenyewe mara nyingi hutangulia kikubwa zaidi. Haraka hiyo hiyo inahitajika kwa kichwa kinachouma ghafla na kwa ukali, na kwa kifua kinachouma pamoja na kupumua kwa shida. Homa ya nyuzi 38 au zaidi nayo haingoji kesho. Wakati wa kuoga jioni, kwa maji ya uvuguvugu, mama aliyefundishwa na muuguzi hupapasa chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikiwa imekua kuliko jana, au viganja na midomo vikiwa vyeupe ghafla, mtoto anaweza kuwa anapoteza damu yake ndani ya bandama, na saa chache zaweza kuamua uhai wake.

Yapo pia mabadiliko ya polepole. Mtoto aliyekuwa akisoma maneno matano na sasa kwa wiki tatu mfululizo hayawezi hata mawili, bila homa wala maumivu, aende kliniki na daftari lake la mazoezi. Ukurasa wa mwezi uliopita ukilinganishwa na wa leo humweleza daktari jambo ambalo mama angelipata shida kulieleza. Watoto wenye aina kali ya selimundu wanashauriwa kupimwa kasi ya damu katika mishipa ya kichwani kwa mawimbi ya sauti kila mwaka, kuanzia miaka 2 hadi 16, na hospitali kadhaa kubwa zina kipimo hicho. Kasi ikiwa kubwa mno, kiharusi kinaweza kuzuiwa kwa tiba kabla hakijatokea.

Muuguzi anayemwandikia mtoto ruhusa ya kutoka wodini anaweza kuuliza maswali mawili tu zaidi ya anayouliza sasa: nani atakuwa na mtoto huyu asubuhi, na darasa lake limefika wapi? Majibu yakiandikwa kwenye daftari la kliniki, safari ijayo mazungumzo huanzia hapo. Barua ya kwenda kwa mwalimu mkuu nayo isiishie kwenye idadi ya siku za mapumziko. Iseme kwamba mtoto huyu anahitaji chupa ya maji juu ya dawati, ruhusa ya kwenda chooni kila aombapo, sweta asubuhi za kipupwe, na kwamba asipewe kazi nzito wala adhabu ya kukimbia au kukaa juani.

Chupa na choo vinaenda pamoja. Mtoto anayekatazwa kutoka darasani hujifunza mwenyewe kuacha kunywa maji, ili asiaibike, na kufikia saa 8 mchana amekauka. Mwalimu na mtoto wanaweza kukubaliana ishara, kwa mfano kugeuza daftari juu chini, ili asilazimike kunyoosha mkono mara sita mbele ya darasa zima. Wiki ya kwanza ya kurudi, akiweza kukaa hadi mapumziko ya saa 4 tu, akae hadi hapo na arudi nyumbani. Robo saa ya bibi inaendelea, sasa ikiwa imehamia jioni, na neno lililopigiwa mstari linamngoja kaka.